Mji Unaoishi kwa Mwanafunzi Bila Kumhesabu

Mfanyabiashara wa Kakamega anayetaka kujua miezi mitatu ijayo itakuwaje haulizi tena bei ya miwa. Anauliza kama chuo kimefunguliwa. Wenye ploti za vyumba vya kupangisha katika mitaa ya Lurambi na Kefinco, wauza magodoro wa katikati ya mji, mawakala wa M-Pesa, waendesha bodaboda wanaosubiri langoni na akina mama wanaopika chapati kando ya barabara iendayo Webuye, wote huifuatilia ratiba ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kwa makini kuliko baadhi ya wanafunzi wenyewe. Hata hivyo, mji huu unaomtegemea mwanafunzi kwa kiasi hicho haujakubali bado kwamba yeye ni mkazi wake. Humpokea kama mgeni mwenye fedha, humpangisha chumba, humuuzia chakula, kisha mambo ya taa za njiani, maji safi na majitaka yanapotajwa, kila ofisi humwelekeza kwenye ofisi nyingine. Hoja yangu ni kwamba hali hii haihitaji roho mbaya ya mtu yeyote ili iendelee. Imejengwa ndani ya sheria, bajeti na kalenda ya nchi yetu, na ndiyo maana haiondoki hata viongozi wanapobadilishwa.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zilizoukuza mji. Magharibi mwa Kenya palikuwa na viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009 na hakijarejea ukubwa wake wa zamani. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilidhoofika hadi kikasimamisha kazi, na mwaka 2019 kikakabidhiwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikikidai. Katika kipindi hicho hicho vyuo vikuu vilichipuka. Chuo cha Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo na kile cha Kisii vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, Kibabii cha Bungoma mwaka 2015, Rongo mwaka 2016, kisha Alupe kule Busia, Kaimosi kule Vihiga na Tom Mboya kule Homa Bay vyote mwaka 2022. Wanasiasa wa eneo hili walijifunza kuomba chuo kikuu kwa sauti ile ile ambayo baba zao waliombea kiwanda, na raia waliwaelewa vizuri, kwani ahadi ilikuwa moja: fedha itazunguka.

Lakini fedha ya kiwanda na fedha ya chuo hazifanani. Mfanyakazi wa Mumias alileta mjini mshahara, na mkulima alileta malipo ya miwa aliyokwisha kuivuna. Mwanafunzi huleta kile ambacho mzazi amekipata kwa kuuza ng'ombe au kwa kuomba mkopo wa Sacco, pamoja na kile anachopewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu huiita Helb, na ambacho atatakiwa kukirudisha baada ya kuhitimu. Sehemu ya kodi ya nyumba inayolipwa Lurambi mwezi huu, kwa hiyo, inatokana na mshahara wa miaka ya 2030 wa kijana ambaye hajui ataajiriwa wapi, wala kama ataajiriwa. Mji umejengwa juu ya deni la watu wa miaka ishirini. Sidhani kuna njia ya upole ya kulisema jambo hili.

Tufanye hesabu ndogo. Katika mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023, mkopo wa kujikimu umekuwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kulingana na kundi ambalo familia ya mwanafunzi imewekwa. Tuchukue chumba cha shilingi 4,000 kwa mwezi, ambacho si cha anasa. Ni chumba kimoja chenye dirisha, mara nyingi na choo cha kushirikiana. Miezi kumi ya kodi hiyo ni shilingi 40,000. Mwanafunzi wa kundi la chini la mkopo amemaliza mkopo wake wote bila kununua hata kilo ya unga, na yule wa kundi la juu amebakiwa na shilingi 20,000 za kula, kusafiri, kutoa nakala za vitabu na kununua data kwa mwaka mzima. Hapo hatujazungumzia depositi, wala miezi ambayo mkopo huchelewa, na mkopo huchelewa mara kwa mara. Mfumo wenyewe umepelekwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba unakiuka Katiba. Wakati wanasheria wanajibizana, mama wa kibanda hufungua daftari na kuandika: chapo mbili, madondo, tarehe, jina. Mkopeshaji wa kwanza wa elimu ya juu katika mji huu ni yeye, na halipwi riba.

Mwanafunzi hakuwa mteja wa ploti tangu zamani. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, chuo kikuu nchini Kenya kilimaanisha bweni, chakula cha mezani na posho. Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kule Njoro kama shule ya kilimo ya Lord Maurice Egerton, kilijengwa kama mahali pa kuishi tangu mwanzo, kwa sababu hakuna ambaye angetegemewa kwenda na kurudi Nakuru kila siku, umbali wa kilomita 25 hivi. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipofuata masharti ya kupunguza matumizi, ikaanza kuwatoza wanafunzi karo ya moja kwa moja, ikaondoa posho, na chakula kikawa cha kulipia unapokula. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wa kujilipia, vyuo vingine vikafuata, na idadi ikapanda bila mabweni kupanda nayo. Mwaka 2011 makundi ya wanafunzi ya miaka miwili tofauti yalianza kuingizwa kwa pamoja ili kupunguza msongamano wa waliokuwa wakisubiri nyumbani. Hakuna siku ambayo waziri alisimama akatangaza kwamba vyuo vya umma vimeacha kuwapa wanafunzi makazi. Jukumu lilihama tu, mwaka baada ya mwaka, kutoka ofisi ya mabweni hadi kwa mwalimu mstaafu mwenye robo ekari nje ya ua wa chuo.

Kakamega ilipokea mzigo huo ikiwa na mgongo mwembamba zaidi. Chuo chake kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa michango ya harambee ya wananchi wa magharibi, kikiwa chuo cha ufundi na sanaa ambacho wengi bado hukiita WECO, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Majengo ya taasisi ya harambee hayakukusudiwa maelfu. Leo vitanda vya ndani hupewa hasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wachache wengine, na wanaobaki hutafuta nje. Ajabu ni kwamba kitanda cha ndani kwa muhula mzima mara nyingi hugharimu kiasi kinachokaribia kodi ya mwezi mmoja au miwili ya nje, kwa hiyo mwanafunzi anayekosa nafasi ndani hulipishwa mara nyingi zaidi ya mwenzake, na anayekosa si lazima awe mwenye uwezo.

Huyo mwalimu mstaafu anastahili kutazamwa kwa haki, kwa kuwa katika malalamiko ya wanafunzi yeye ndiye mbwa mwitu wa hadithi. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya mwaka 2019, ya nne kwa wingi nchini baada ya Nairobi, Kiambu na Nakuru, na ardhi yake imegawanywa kwa kizazi baada ya kizazi hadi ndugu wanne wanaweza kurithi kipande kisichotosha kulisha mmoja wao. Kipande cha namna hiyo kikiwa karibu na chuo, mahindi hayana hesabu yoyote ya maana mbele ya vyumba. Mzee huchukua kiinua mgongo chake, huongeza mkopo wa Sacco, huita fundi wa mtaani, na baada ya miezi michache panasimama safu mbili za vyumba zinazotazamana, ukumbi mwembamba katikati, bomba moja uani, vyoo mwishoni. Mita ya umeme ni moja au mbili kwa vyumba vyote, na ndiyo chanzo cha ugomvi usiokwisha: tokeni zikiisha usiku wa kuamkia mtihani, kila mlango humshuku mwingine kwamba anapikia koili ya umeme. Keateka, yaani mtunza ploti, hupita akinusa na kuuliza, "Komredi, hiyo maji imechemka na nini?" Mwenye ploti hakusomea biashara ya makazi, halipwi na serikali kwa kuifanyia kazi yake, na hakuna aliyemwonyesha ramani ya bomba la majitaka kwa sababu mara nyingi bomba lenyewe halijafika kwake.

Anachokifanya, basi, ni kuchimba shimo. Vyumba ishirini, pengine watu thelathini au arubaini kwa kuwa wanafunzi hugawana kodi, shimo moja, na ploti ya jirani ina shimo lake na kisima chake cha maji mita chache kutoka hapo. Hakuna haja ya mtaalamu kulieleza hilo. Mitaa hii, ambayo mmoja wao, Kefinco, bado unabeba jina la mradi wa maji wa Kenya na Finland ulioanza miaka ya 1980 na kuchimba visima kote magharibi, imefika mahali ambapo maji yanayouzwa kwa mitungi ya mkokoteni ni sehemu ya bajeti ya mwanafunzi.

Udhaifu wa mpango mzima ulionekana wazi Machi 2020, serikali ilipofunga vyuo kwa sababu ya Korona. Wanafunzi waliondoka na mabegi madogo wakidhani watarudi baada ya wiki chache. Magodoro, meko na vitabu vilibaki vyumbani, na kurejea kulianza kwa awamu Oktoba ile, wa mwaka wa mwisho wakitangulia. Katika muda huo kodi iliendelea kuhesabiwa na baadhi ya wenye nyumba, milango ikafungwa kwa kufuli za ziada, na mikopo ya Sacco haikusimama kwa ajili ya yeyote. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hapakuwa na ofisi ya kuzisikiliza. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliodumu takriban wiki saba kati ya Septemba na Novemba, ulirudia somo lile kwa kipimo kidogo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekwisha kulipa kodi na depositi, wakakaa vyumbani bila masomo wakila akiba ya muhula. Mgogoro wa mishahara uliohusu Nairobi ulilipiwa kibandani.

Kwa nini hakuna ofisi? Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, ambalo liligawa kazi kati ya ngazi mbili za serikali. Vyuo vikuu vimewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mipango ya miji, makazi, maji na majitaka, pamoja na taa za barabarani, vimepewa kaunti. Chumba ni mali ya mtu binafsi. Mwanafunzi anapokuwa darasani ni jambo la Nairobi, anapotoka langoni saa mbili usiku akirudi kutoka maktaba anakuwa jambo la kaunti, na akishaingiza ufunguo mlangoni anakuwa jambo la mwenye ploti. Akiporwa kipakatalishi kati ya lango na mlango, atakwenda polisi, ambao nao wako chini ya serikali ya kitaifa, kuripoti uhalifu uliosaidiwa na giza ambalo kaunti haikuliwekea taa. Kila mmoja akiulizwa atajibu kwa kifungu cha sheria, na kwa kweli hatakuwa amesema uongo.

Ushuru unaimarisha mpangilio huo. Mapato ya kodi ya nyumba yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi kikomo cha milioni 15, hutozwa na serikali kuu, na tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5. Kaunti haina mgao wa moja kwa moja katika hilo. Yake ni ada za ardhi, ada za kuidhinisha ramani za majengo na leseni za biashara, na katika ardhi ya ukoo ambayo jana ilikuwa shamba, ada ya ardhi mara nyingi haijulikani hata kwa jina. Kwa hiyo kila ploti mpya inayojengwa karibu na chuo huongeza mzigo wa maji, taka na njia kwa kaunti bila kuongeza mapato yanayolingana. Diwani anayeuliza kwa nini atumie fedha za wadi yake kuwawekea taa wapangaji wa watu wengine ana hesabu yake, ingawa haitangazi hadharani.

Mpangaji mwenyewe naye hana kinga. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati shilingi 2,500 zilikuwa kodi ya familia yenye kazi ya kudumu. Leo bedsita ya kawaida, yaani chumba kimoja cha kujitegemea, inakipita, na mwanafunzi anayeipanga anahesabiwa kisheria kuwa na uwezo wa kujipigania mwenyewe. Anayeomba depositi yake mwishoni mwa mwaka wa nne, akiwa na basi la kupanda jioni, anajua uwezo huo ni wa namna gani.

Nadhani haya yote yangeweza kurekebishwa polepole kama mwanafunzi angekuwa na uzito wa kisiasa katika mtaa anakoishi. Hapa ndipo kalenda inapoingia, nayo haijadiliwi inavyostahili. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Sensa iliyopita ilifanyika usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Agosti ndio mwezi ambao vyuo vingi huwa katika likizo ndefu, au ndiyo kwanza vinaanza kupokea wanafunzi wapya. Watu hawa wanaokaa Lurambi miezi tisa au kumi kila mwaka, kwa miaka minne, kwa kawaida wako kwingine siku ile wanapohesabiwa, na wako kwingine siku ile wanapopiga kura. Wengi huandikishwa kuwa wapiga kura nyumbani kwao, wakifuata wito wa wazazi na wa siasa za ukoo. Wanaoandikishwa chuoni, na maafisa wa tume ya uchaguzi huwa hawakosi kuweka meza zao huko, huhitaji nauli ya kurudi ili kutumia kura yao. Matokeo yake ni kwamba mtaa ambao Februari umejaa hadi vijia havipitiki, katika makaratasi ya serikali ni mtaa wenye watu wachache na kura chache. Idadi ya watu ni miongoni mwa vigezo vya kugawa fedha kwa kaunti. Mtu asiyehesabiwa hana bomba.

Hali ya Kakamega si mbaya kuliko zote. Maseno ina kisa kinachochekesha na kuumiza kwa pamoja. Chuo kile, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2001, kiko juu ya mstari wa ikweta, kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Busia, na pia kiko mahali ambapo kaunti za Kisumu na Vihiga zimevutana kuhusu mpaka kwa miaka mingi. Viongozi wa Vihiga hudai Maseno ni yao. Wa Kisumu hawataki hata kusikia. Mwanafunzi anaweza kusomea upande mmoja, akapanga chumba upande mwingine, na akanunua mboga soko la Luanda bila kujua amevuka kaunti mara ngapi. Mvutano huo kwa sehemu kubwa unahusu mapato, yaani leseni za maduka, maegesho na soko. Sijawahi kusikia kaunti hizo mbili zikigombania haki ya kuzoa taka nyuma ya hosteli. Na wanafunzi wanapokosa maji au usalama, wanajua mahali pa kupeleka malalamiko yao: barabarani, kwa kuwa ndiyo njia ya malori ya Uganda, na lori likisimama saa mbili, serikali ya ngazi zote huamka.

Kisumu mjini mambo hufichika. Wanafunzi huenea Migosi, Manyatta, Nyalenda na kwingineko, wakachanganyika na wakazi wengine hadi jiji halioni tofauti, isipokuwa pale orofa za majengo ya biashara zilizokuwa zimekodishwa na matawi ya vyuo zilipobaki wazi. Hilo lilitokea baada ya mwaka 2016, mitihani ya kidato cha nne ilipodhibitiwa na waliopata alama ya C+ na zaidi, inayohitajika kuingia chuo kikuu, wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi karibu 70,000 mwaka 2017. Wanafunzi wa kujilipia walipungua, matawi yakafungwa, na wenye majengo wakatafuta wapangaji wengine. Njoro, kwa upande wake, ina mabweni mengi zaidi na ardhi pana, lakini hata hapo mtaa wa Njokerio umekua nje ya ua wa Egerton kwa namna ambayo mkazi wa Lurambi angeutambua bila kuelekezwa.

Wenyeji nao wana malalamiko yao, na mengine ni ya kweli. Muziki wa Ijumaa usiku hausikizani na nyumba ya mzee mwenye shinikizo la damu. Maandamano ya chuo yakianza, maduka ambayo hayakuhusika na karo ya mtu yeyote huvunjwa vioo. Wapo wanaohama alfajiri wakiacha kodi ya miezi miwili na jiko bovu. Lakini mazungumzo ya mji kuhusu wanafunzi yamemezwa na jambo jingine, nalo ni maadili: mavazi ya wasichana, wapenzi wanaoishi pamoja, pombe. Mahubiri mengi ya Jumapili karibu na vyuo hujikita hapo. Sina ubishi na wahubiri, ila naona kwamba gumzo hilo linazifaa ofisi zote zinazohusika, kwani msichana akivamiwa kwenye kijia, swali la kwanza linakuwa alikuwa akitoka wapi, na swali la taa halifiki mezani.

Kinachoweza kufanyika bila kubadili Katiba hakihitaji fedha nyingi kama inavyodaiwa. Chuo kina orodha ya wanafunzi wake wote. Kingewauliza wakati wa kujisajili kila muhula wanakaa mtaa gani, kingekuwa na ramani ya makazi ambayo sensa haiwezi kuitoa. Kaunti ina maombi ya ramani za majengo, au ilipaswa kuwa nayo. Ofisi hizo mbili ziko umbali ambao bodaboda huumaliza kwa dakika chache, na faili zao zikiwekwa pamoja, ingejulikana ni mitaa gani ina wapangaji elfu kadhaa katika makaratasi yanayoonyesha mia kadhaa. Chuo pia kingeweza kuwa na orodha ya ploti zilizokaguliwa, zenye choo kinachotosha, maji, na mkataba mfupi unaosema depositi inarudi lini na nini kinatokea chuo kikifungwa ghafla. Mwenye ploti aliye kwenye orodha angepata wapangaji mapema. Aliye nje angekuwa huru kubaki nje.

Wenye ploti watasema masharti yatapandisha kodi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Choo bora na mita ya kila chumba hugharimu fedha, na mwisho wa yote mpangaji ndiye hulipa. Lakini mpangaji analipa sasa hivi pia: kwa maji ya mitungi, kwa tokeni za koili ya jirani, kwa nauli ya bodaboda ya usiku anayoitoa ili asitembee gizani mita mia nne, kwa siku anazolala na homa ya tumbo. Gharama hizo hazionekani kwenye risiti ya kodi, ndiyo maana watu hudhani hazipo. Zaidi ya hayo, mkataba unaoeleza hali ya chuo kufungwa humlinda mwenye ploti kama unavyomlinda mpangaji, na aliyepitia mwaka 2020 akiwa na mkopo wa Sacco hahitaji kushawishiwa sana.

Kuhusu uzito wa kisiasa, kuna tundu moja katika kalenda ambalo wanafunzi hawajalitumia. Kura na sensa ni za Agosti, lakini bajeti si ya Agosti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwasilishe waraka wa mkakati wa fedha kufikia mwisho wa Februari na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo zikusanye maoni ya umma. Katika miezi hiyo chuo huwa wazi na mitaa imejaa. Katika vikao hivyo hakuna anayedai kuona kadi ya mpiga kura. Kinachohitajika ni kufika, kuandika jina na kusema unachotaka kiandikwe. Kwa kawaida wanaohudhuria ni wazee wachache, wafanyabiashara wa soko na watu wa diwani. Chama cha wanafunzi chenye uwezo wa kujaza uwanja kwa kampeni za uenyekiti wake kinaweza kujaza ukumbi wa wadi kwa asubuhi moja, kikiwa na ombi lililoandikwa kwa lugha ya bajeti: idadi ya nguzo za taa, kutoka lango lipi hadi kijia kipi cha Kefinco, katika mwaka upi wa fedha.